Herufi Kumi na Nne za Alhamisi

Inspekta Loisi Chidosa aliomba karatasi zote, si ule ukurasa mmoja.

"Ukurasa mnao, Afande," alisema Kuluthumu, mwenye kampuni ya intaneti mjini Dodoma, akiuweka sawa mtandio begani. "Niliutia saini mwenyewe, nikaugonga mhuri. Vijana wenu wakauchukua."

"Nimeusoma. Sasa nataka na nyingine, Bi Kuluthumu. Alhamisi yote ya tarehe kumi na mbili Juni, kuanzia alfajiri."

Kuluthumu alimtazama kidogo, kisha akamwita fundi wake. Aliingia kijana mrefu, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Aliitwa Fabian.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba."

Alipoambiwa kinachotakiwa, Fabian hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba printa ni ya zamani, itachukua muda. Loisi akamjibu kwamba muda anao. Hakuwa nao. Ilikuwa Jumanne, tarehe mosi Julai, mwaka 2003, na Edina Mwaluko alikuwa anatimiza siku yake ya nane mahabusu.

Edina alikuwa afisa mifugo upande wa Mpwapwa. Cheti chake kilikuwa cha diploma, lakini wafugaji walimwita daktari, naye alikuwa ameacha kuwasahihisha. Mwanzoni mwa Juni alikuta ng'ombe watatu wamekufa ghafla kijijini Nzugilo, damu nyeusi puani. Akapima, akakuta kimeta, ugonjwa unaomuua hata mtu akila nyama yake. Kwa utaratibu, taarifa ya namna hiyo ilipaswa kufika kwa maandishi kwa msimamizi wa mnada, naye alipaswa kuufunga mnada siku hiyo hiyo. Zamani msimamizi alikuwa serikali. Mwaka huo kazi ilikuwa imekabidhiwa kampuni binafsi yenye ofisi Dodoma mjini, na meneja wake aliitwa Msafiri.

Edina alisema alituma barua Alhamisi asubuhi kwa kompyuta, kupitia laini ya simu. Alijaribu pia kupiga simu ofisini kwa Msafiri, ikaita bila kupokelewa. Msafiri alisema hakupata kitu. Jumamosi mnada ulifanyika, ng'ombe mmoja akaanguka, akachinjwa, nyama ikagawanywa. Wiki iliyofuata watu wawili walizikwa: mama mmoja aliyeitwa Tabu, na shemeji yake.

Nakala ya barua ilikuwamo kwenye kompyuta ya Edina, lakini betri ya saa ya mashine ile ilikuwa imekufa zamani, na kila barua ndani yake ilionyesha mwaka 1980. Wapelelezi wa mwanzo walisema mtu anaweza kuandika barua kama ile hata baada ya mazishi. Kisha wakaenda kwa Kuluthumu, ambaye kampuni yake ndiyo iliyowaunganisha Edina na Msafiri kwenye mtandao, wakapewa ule ukurasa. Ulikuwa na mistari miwili ya daftari la kuingia na kutoka, ambalo ni mbali na daftari la barua. Edina Mwaluko aliingia kwenye mtandao saa nne na dakika kumi na tatu asubuhi. Alitoka saa nne na dakika ishirini na mbili. Katikati, hakuna barua. Siku hiyo hiyo Edina akakamatwa kwa kosa la kutotoa taarifa.

Loisi alikuwa amepewa jalada hilo Jumatatu, na jambo lililomsumbua lilikuwa zile dakika tisa. Kampuni ya simu ilithibitisha kwamba simu ilipigwa na ikakaa hewani dakika tisa, kwa gharama ya masafa ya mbali. Mtu hukaa dakika tisa kwenye simu ya gharama afanye nini?

Printa ilipomaliza kulia, Fabian alileta furushi la karatasi zilizoungana kama mkanda. Loisi alizitandaza juu ya meza ya Kuluthumu, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa kidole. Kila mstari ulikuwa na namba, saa, anwani ilikotoka barua na anwani ilikokwenda. Hakuelewa anwani. Aliifuata saa.

Kidole kikasimama.

"Bi Kuluthumu, Alhamisi ile Bunge lilikuwa limekaa?"

"Kikao cha bajeti. Mji ulikuwa umejaa hadi barazani. Hapa watu walipanga foleni."

"Foleni ya kutuma barua?"

"Na kusoma. Kwa nini?"

"Kwa sababu hapa mstari wa mwisho ni saa tatu na dakika thelathini na nane. Unaofuata ni saa sita na dakika sita. Karibu saa mbili na nusu, na mji mzima hakuna aliyetuma hata barua moja."

Kuluthumu alisimama, akaja upande wake wa meza. Alisoma, akasoma tena.

"Hii haiwezekani. Mimi mwenyewe nilituma. Saa tano nilimwandikia mwanangu aliye huko Moshi, akanijibu."

"Mstari wako uko wapi?"

Haukuwepo. Loisi alimtazama Fabian aliyesimama mlangoni. Kijana alikuwa akitazama sakafu.

Wazo la kwanza lililomjia ni lile ambalo lingemjia polisi yeyote. Msafiri alihitaji barua isionekane. Fundi ndiye mwenye funguo za mashine. Fundi akafuta saa mbili na nusu ili dakika tisa zipotelee humo. Lilikuwa wazo zuri, na Loisi aliwahi kufunga watu kwa mawazo dhaifu kuliko hilo. Lakini alirudi kwenye karatasi, akasoma safari hii namba za mistari. Mstari wa saa tatu na dakika thelathini na nane ulikuwa wa 41,206. Wa saa sita na dakika sita ulikuwa wa 41,207.

"Namba hizi anazitoa nani?"

"Mashine yenyewe," alisema Kuluthumu. "Kila ikiandika inaongeza moja."

"Mtu akifuta mistari, namba zinajipanga upya?"

Kuluthumu alimgeukia fundi wake. Fabian akatikisa kichwa. "Hapana, Afande. Pengo linabaki."

"Na hapa hakuna pengo. Kwa hiyo hakuna kilichofutwa." Loisi alivua miwani. "Barua zilipita, lakini hazikuandikwa. Nipeleke kwenye hiyo mashine, Fabian. Wewe na mimi tu kwanza."

* * *

Chumba cha mitambo kilikuwa stoo ya zamani, kina feni mbili na baridi ya Juni iliyokuwa bado haijatoka ukutani. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, kasha lake limefunguliwa ubavu, nyaya mbili za bluu zikiingia nyuma. Loisi alitegemea kitu kikubwa zaidi.

"Hili ndilo lango," alisema Fabian. "Kila kitu kinachotoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine kinapita hapa. Kinaingilia kadi hii ya mtandao, kinatokea kadi ile."

"Na kinaandikwa na nani?"

"Na kiini cha mfumo, ile programu kuu inayoendesha mashine nzima." Alisita, akatafuta maneno. "Barua haisafiri nzima, Afande. Inakatwa vipande, tunaviita pakiti. Pakiti ikifika kwenye kadi, kadi inakigutua kiini. Kiini kinaacha kilichokuwa kinafanya, kinainakili pakiti, kinaikagua, kinaandika kwenye daftari, kinainakili tena kwenda kadi ya pili. Kwa kila pakiti. Zikiwa elfu moja kwa sekunde, hakuna shida. Wiki ile ya Bunge zilikuwa nyingi mno. Kiini kilikuwa kinagutuliwa tu, kazi hakifanyi. Wateja wanalalamika, Mama Kuluthumu analalamika."

"Ukafanyaje?"

Fabian alianza kukaza skrubu ya kasha. Loisi aliketi juu ya kreti la soda, akaweka daftari lake gotini bila kulifungua.

"Nilikulia kwa wafugaji," alisema. "Mnadani kuna lango moja, na langoni kuna karani. Kila mbuzi anasimama, anaandikwa, anapita. Mifugo ikizidi, foleni inafika barabarani. Nimeona watu wakitoboa boma kwa nyuma. Mbuzi wanaingia kundi zima, wanafika kwa mnunuzi, na karani mpaka jioni anasema siku ilikuwa nyepesi. Wewe ulitoboa boma, Fabian?"

Kijana aliweka bisibisi chini.

"Ndiyo, Afande."

Baada ya hapo maneno yalimtoka kwa mfululizo. Mfumo wa mashine ile ulikuwa FreeBSD, mfumo huria, uliotolewa bure pamoja na maandishi yake yote, kila mtu asome namna ulivyoandikwa na abadilishe akitaka. Usiku baada ya usiku, kwa miezi minne, Fabian alikuwa amesoma sehemu inayoendesha kadi. Akagundua kwamba kadi huweka pakiti kwenye duara la vyumba mia mbili hamsini na sita ndani ya kumbukumbu ya mashine. Akaandika programu yake ya kawaida, nje ya kiini, inayoruhusiwa kulitazama duara lile moja kwa moja. Programu ilizoa pakiti kwa mafungu, ikayasukuma upande wa pili, bila kugutua wala kunakili. Alhamisi ile aliiwasha kwa mara ya kwanza na wateja wa kweli.

"Ilikwenda kasi mara nne, Afande. Mara nne, kwa mashine ile ile." Kwa mara ya kwanza uso wake ulichangamka, kisha ukazima. "Nilipokwenda kula nikaizima."

"Na Bi Kuluthumu alijua?"

"Hapana. Alinikataza kugusa lango. Leseni inataka daftari liandikwe muda wote."

"Polisi walikuja hapa Jumanne iliyopita kuuliza barua ya Alhamisi. Uliwapa ukurasa."

"Waliniomba rekodi ya yule mama. Nikawapa iliyopo."

"Ulijua daftari lilikuwa kipofu saa ile."

"Nilijua."

Feni ziliendelea kuzunguka. Loisi alimwacha akae na jibu lake. Miaka ishirini ya kuhoji watu ilikuwa imemfundisha kwamba aibu ikishafika haina haja ya kusukumwa.

"Nionyeshe," alisema hatimaye. "Sitaki kuamini, nataka kuona."

Walifanya jaribio mara mbili, na Loisi aliandika kila hatua na saa yake. Kuluthumu aliitwa awe shahidi. Kwanza Fabian aliwasha programu yake. Loisi akakaa kwenye kompyuta ya mapokezi, akaandika barua ya maneno matatu kwa kidole kimoja, akaituma kwa kompyuta ya ofisini kwa Kuluthumu, iliyokuwa upande wa pili wa lango. Barua ilifika kabla hajainuka kitini. Wakafungua daftari la mashine: hakuna mstari mpya. Fabian akazima programu. Loisi akatuma barua ile ile. Ikafika, na daftari likaandika mstari mmoja.

"Tena," alisema Loisi. Matokeo hayakubadilika.

Kuluthumu alifuata kila hatua kwa macho. Walipomaliza alimgeukia fundi wake kwa sauti ya chini kuliko ilivyotarajiwa. "Nilitia saini, Fabian. Nimeapa kwa jina langu kwamba hakuna barua iliyopita. Kuna mwanamke amefungwa kwa saini yangu."

"Mama, niliogopa."

"Na yeye je, huko aliko?"

Loisi aliwakatiza. Jambo moja lilikuwa limethibitika, nalo halikutosha. Kipofu akisema hakuona, haina maana kwamba kitu kilipita. Wakili yeyote angeligeuza hilo mchana kweupe.

"Ulipoiwasha kwa mara ya kwanza," alimuuliza Fabian, "uliwezaje kujua kwamba haimwagi pakiti njiani? Duara lina vyumba mia mbili hamsini na sita. Vikijaa?"

Fabian alimtazama kama mtu aliyekanyagwa.

"Zinapotea."

"Basi mtu makini kama wewe lazima alihesabu."

"Nilihesabu." Akashusha pumzi. "Nilitunza vichwa. Si pakiti nzima, diski isingetosha. Herufi sitini na nane za mwanzo za kila pakiti. Hamsini na nne ni anwani na mambo ya njiani. Kumi na nne ni za barua yenyewe."

"Faili hilo liko wapi?"

"Nyumbani. Kwenye CD, ndani ya Biblia."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile, Afande."

Walikwenda kwa gari la polisi hadi chumba alichopanga mtaa wa Chang'ombe, pale pale Dodoma, wakarudi na CD, na Loisi akaisajili kama kielelezo kabla haijaingizwa kwenye mashine. Fabian alitafuta anwani mbili tu: aliyopewa Edina alipoingia, na ya ofisi ya Msafiri. Kioo cha kompyuta kikajaa safu za namba. Vipande vilikwenda, majibu yakarudi. Kwa kila kipande kulikuwa na ukubwa wake.

"Jumlisha vya barua," alisema Loisi, naye mwenyewe akijumlisha pembeni kwa kalamu.

Walipata jumla moja: herufi 1,849.

Loisi alifungua jalada. Nakala ya barua kutoka kwenye kompyuta ya Edina, ile yenye tarehe ya mwaka 1980, ilikuwa imepimwa na mtaalamu wa polisi pamoja na anwani zake: herufi 1,846.

"Tatu zimezidi," alisema.

Fabian alitabasamu bila kujua kama anatabasamu. "Lazima zizidi. Kompyuta ikimaliza barua, inaweka nukta moja kwenye mstari wake, na alama mbili za kushuka mstari. Hizo hazitunzwi kwenye nakala. Zisingezidi tatu ndipo ningeshangaa."

"Na huku mwisho?"

Alishusha safu mpaka jibu la mwisho, lililotoka kwenye kompyuta ya Msafiri saa nne na dakika ishirini na moja. Sehemu ya anwani ikaisha, zikabaki zile herufi kumi na nne, ukihesabu na nafasi: *250 Message ac*.

"Limekatika," alisema Kuluthumu.

"Limekatika kwa sababu sikutunza zaidi," alisema Fabian. "Lakini hiyo mia mbili hamsini, namba ya kusema ujumbe umepokelewa, inatosha. Ndiyo stakabadhi. Mashine ya pale haiitoi mpaka iwe imeipokea barua yote na kuiweka ndani."

Loisi alizinakili herufi hizo moja moja kwenye daftari lake, akihesabu. Kisha akageuza ukurasa mpya, akamsukumia Fabian kalamu. "Andika maelezo yako. Yote, pamoja na ile wiki uliyonyamaza. Hiyo usiipambe."

Aliandika kurasa tano. Alipomaliza, Kuluthumu alinyoosha mkono, naye akampa funguo za chumba cha mitambo bila ubishi.

* * *

Ofisi ya Msafiri ilikuwa na zulia jipya na kalenda yenye picha ya fahali. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na alimkaribisha Inspekta soda.

"Nataka kuweka jalada sawa," alisema Loisi. "Kompyuta hii Alhamisi ile ilikuwa imewashwa?"

"Huwa haizimwi."

"Barua anafungua nani?"

"Mimi peke yangu. Nywila ninayo mimi."

"Na hakuna kilichofika kutoka kwa afisa mifugo."

"Afande, nimeshasaini mara mbili. Si mna ile karatasi ya watu wa intaneti?"

"Saini ya tatu haitauchosha mkono."

Alisaini. Loisi alisubiri wino ukauke, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Ndipo akaweka mezani orodha ya vichwa vya pakiti, na juu yake nakala ya barua ya Edina. Akaeleza taratibu, bila kupandisha sauti: dakika tisa, saa mbili na nusu, herufi tatu zilizozidi, na stakabadhi iliyotolewa na mashine iliyokuwa pale pembeni ya soda.

Msafiri alisoma stakabadhi ile kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

"Ilikuwa mnada wetu wa kwanza," alisema hatimaye. "Watu walikuwa njiani na mifugo tangu Jumatano. Tungeufunga, wangesema kampuni binafsi haziwezi. Wangetunyang'anya. Nilisoma ng'ombe watatu, Afande. Watatu tu. Nikasema nitaufunga unaofuata."

"Ukaifuta lini?"

"Niliposikia msiba."

"Simama, tafadhali."

* * *

Edina Mwaluko alitolewa mahabusu saa tisa alasiri. Alikuwa amekonda, na khanga yake ilinuka moshi wa jiko la mahabusu. Loisi alimweleza yote wakiwa wamesimama kando ya gari. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nzugilo wameambiwa?" aliuliza.

"Bado. Nakurudisha kwako kwanza, ukapumzike."

"Hapana. Wale watu niliwaambia mnada utafungwa. Niliwaambia kwa mdomo wangu, nimesimama uani kwao." Aliingia garini, akafunga mlango. "Nipeleke huko."

Walifika jua likiwa limeinama. Kwenye tembe ya marehemu Tabu, nyumba ya paa bapa la udongo, watu wachache walikuwa wamekaa nje. Walipomtambua aliyeshuka, mazungumzo yakakatika, na mwanamke mmoja akainuka akaingia ndani. Mume wa marehemu, Silvano, alibaki ameketi, fimbo yake imelala miguuni.

Loisi alivua kofia. "Mbukwenyi," aliwasalimu. Wachache waliitikia. Akaendelea kwa Kigogo, lugha ambayo hakuwa ameitumia kazini kwa miaka mingi, akijikwaa pale ambapo maneno hayakuwepo. Hakutaja kadi wala kiini wala pakiti. Alisema barua iliandikwa, ilitumwa, na ilifika.

Silvano alimtazama yeye, si Edina.

"Ilifika kwa mtu?"

"Ilifika kwa mtu. Akaisoma."

"Siku gani?"

"Alhamisi, saa nne na dakika ishirini na moja asubuhi. Siku mbili kabla ya mnada."

Mzee aliinamisha kichwa, midomo ikicheza, kama anayepanga siku zile upya moja baada ya nyingine: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, nyama ilipoingia nyumbani. Hakuna aliyemharakisha. Kisha aliinuka kwa shida, akaingia ndani mwenyewe, akatoka na kigoda. Akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakiweka karibu na cha kwake.

"Daktari," alisema, "kaa."